Uhaba Haufundishi Nyundo: Mabati ya Magari Makuukuu Pwani ya Tanga

Mkwaja ni kijiji cha ufukweni, kusini mwa mto Pangani, kwenye njia ya kwenda Saadani. Kwa miaka mingi gari lililotoka Tanga kwenda huko lilivuka kwa pantoni pale Pangani, kisha likashika barabara ya udongo ambayo masika huigeuza tope. Hata hivyo adui mkubwa wa gari Mkwaja si tope, ni hewa. Upepo wa baharini hubeba chumvi, chumvi hunyonya unyevu, na unyevu hujipenyeza kwenye mikunjo ya bati ambako rangi haikufika. Kutu huanza kazi mahali mwenye gari asipopaona: ndani ya madigadi, chini ya kingo za milango, kwenye sakafu chini ya zulia, ndani ya chesisi yenye umbo la sanduku. Siku rangi inapovimba kwa nje, bati la ndani limeshaliwa zamani. Kwa hiyo gari lililoishi pwani hii miaka thelathini au arobaini na bado linatembea, ni nadra bati lake lote kuwa lile lililotoka nalo kiwandani. Sehemu yake imeundwa upya, na mara nyingi aliyeiunda ni fundi wa gereji ya uani, mwenye nyundo, mkasi wa bati na pipa tupu la mafuta.

Kuhusu kazi hiyo tumezoea kusimuliana hadithi moja. Nchi ilikosa fedha za kigeni, vipuri vikaadimika, watu wakashika nyundo. Shida ikazaa ubunifu. Hadithi hii inasikika kama sifa, lakini ukiipima utaona inampunja fundi. Inamfanya mtu wa dharura, aliyejaza pengo la kiwanda mpaka kiwanda kirudi, na kazi yake inakuwa kiraka cha kusubiria kitu halisi. Ninavyoona mimi, ushahidi wa historia ya pwani ya kaskazini unasema vingine. Uhaba ulimletea fundi wateja, haukumfundisha kazi. Ujuzi wa kupiga bati ulikuwepo Tanga miongo mingi kabla ya maduka ya vipuri kubaki na rafu tupu, na ulitoka kwenye karakana za reli, mashamba ya mkonge na maduka ya mafundi wa makopo. Tofauti hii si ndogo. Kama ujuzi ni mtoto wa shida, basi shida ikiisha nao uende zake, na hakuna wa kuulilia. Kama una ukoo wake, basi unastahili kutazamwa kama ufundi mwingine wowote, kwa kanuni zake, makosa yake na haki zake.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, maana wengi huzungumzia matokeo bila kujua njia. Chukua upinde wa madigadi, ile sehemu inayozunguka juu ya gurudumu. Fundi huanza kwa kukata kilichooza mpaka afike kwenye bati zima, lile linalolia likigongwa. Hutandika boksi la karatasi juu ya upande wa pili wa gari, ambao bado ni mzima, achore umbo lake, kisha alipindue boksi hilo limpe kiolezo cha upande ulioharibika. Bati hutoka kwenye pipa la lita mia mbili. Pipa likitolewa mfuniko na kitako, likapasuliwa ubavuni na kukunjuliwa, humpa kipande chenye urefu wa karibu mita moja na sentimita themanini, na upana wa karibu sentimita tisini. Chuma chake huwa kinene kidogo kuliko bati la kawaida la bodi, kwa hiyo kinafaa sana kwa sakafu na vizingiti vya milango. Taabu yake ni ile mistari miwili iliyovimba inayolizunguka pipa. Hiyo lazima ilazwe kwanza, kwa nyundo ya mbao juu ya chuma bapa, taratibu, maana ikipigwa kwa pupa bati zima hupinda mawimbi.

Baada ya hapo ndipo ufundi wenyewe unapoonekana. Bati lililopindwa upande mmoja tu, kama bomba, halina shida. Mtu yeyote anaweza kulikunja juu ya gogo. Shida ni bati lenye mbonyeo wa pande mbili, kama ganda la yai. Ili kulipata, katikati ya bati lazima itanuke na kingo zisinyae, na bati halitanuki kwa kuombwa. Fundi hulilaza juu ya mfuko wa mchanga au gogo lililochimbwa shimo, akapiga kwa nyundo ya kichwa cha mviringo kwa mapigo yanayozunguka kutoka nje kuja ndani. Kisha hulihamishia juu ya kipande cha reli, ambacho ndicho fuawe yake, akalisawazisha kwa mapigo mepesi huku akilipapasa kwa kiganja, kwa sababu kiganja huhisi uvimbe ambao jicho linaukosa. Chuma kikipigwa sana hukaza na kuanza kupasuka pembeni, hivyo lazima kipashwe moto mpaka kiwe chekundu kisha kiachwe kipoe, ndipo kilainike tena. Kukiunganisha na gari ni mtihani mwingine: ukichomelea mstari mrefu kwa mkupuo mmoja, joto hulivuta bati na kulikunja. Fundi anayejua hutia tone huku, akahamia mwisho wa pili, akarudi katikati, mpaka matone yakutane. Hakuna hata hatua moja kati ya hizi ambayo mtu huigundua kwa sababu tu duka limefungwa. Ni elimu, na elimu ina mwalimu.

Walimu hao ni nani? Wa kwanza ni wa zamani kuliko gari. Milima ya Upare, inayoonekana kutoka njia ya reli ya Tanga, ilikuwa na wahunzi mashuhuri. Ukoo wa Washana huko Ugweno ulijulikana kwa kazi ya chuma, na bidhaa zake zilivuka hadi Uchagani. Lakini mhunzi wa jembe na mkuki hufanya kazi na donge la chuma, si na bati jembamba, kwa hiyo nisingependa kudai kwamba fundi wa madigadi ni mjukuu wake wa moja kwa moja. Daraja baina yao lilikuwa debe. Mafuta ya taa yalipoanza kuingia pwani katika madebe ya bati, kila debe lililokwisha likawa malighafi. Lilikatwa likawa koroboi, kopo, faneli na karai. Likabandikwa juu ya paa. Ili kutengeneza koroboi, mtu alihitaji kupima duara, kukunja ukingo juu ya waya ili usikate mkono, kufunga mshono wa bati kwa bati, na kulehemu kwa risasi pasipo kuvuja. Hizo ni stadi zile zile zinazohitajika kwenye mlango wa gari, kwa kipimo kidogo. Mtafiti Kenneth King, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mafundi wa Kenya, aliwafuatilia watengenezaji wa taa za makopo na kuonyesha jinsi ujuzi ulivyotoka kwenye karakana za Wahindi, ukapita kwa wafanyakazi wao Waafrika, ukaishia barabarani. Huo ni ukoo unaoweza kutajwa kizazi kwa kizazi.

Mwalimu wa pili alikuwa reli. Wajerumani walianza kujenga njia ya Usambara kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na kufikia 1912 treni zilikuwa zinakwenda Moshi. Reli haiji peke yake. Huja na karakana, na karakana huja na mvukuto, fuawe, misumeno ya chuma, ribiti na watu wa kuvishika. Mwaka ule ule wa 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani, upande ule ule wa Mkwaja. Kutokana na miche hiyo likaota zao lililoitawala Tanga kwa zaidi ya nusu karne. Wanahistoria wa mkonge huhesabu tani, na ni haki yao: katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kwa hoja yetu kinachojalisha zaidi ni korona. Mashine ile ya kuparua majani ya mkonge haikusamehe. Ikiharibika, majani yaliyokatwa huoza na fedha huoza nayo. Shamba halikuweza kungoja kipuri kutoka Hamburg au London. Kila shamba kubwa likawa na karakana yake, na ndani yake kulikuwa na watu waliopiga bati la mifereji, matangi, mabehewa ya trole na, magari yalipokuja, mabodi ya malori. Ndiyo maana ujuzi huu haukukaa mjini tu. Ulitawanyika mpaka porini, kila mahali palipokuwa na korona.

Atakayesema kwamba kuunda mbadala ni tabia ya watu maskini na akumbuke vita vya 1914. Baada ya Waingereza kushindwa Tanga mwezi Novemba mwaka huo, koloni la Wajerumani lilibaki limezungukwa na manowari, halipati shehena. Wenyewe wakaanza kujitengenezea. Walipika matairi ya gari kwa mpira wa mashambani na salfa, wakapata mafuta ya kuendeshea magari kutokana na nazi kavu, na mizinga ya meli ya Königsberg iliyonaswa Rufiji wakaiundia magurudumu ikapigana nchi kavu. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba hawakuyaweza hayo kwa sababu walikuwa na shida. Waliyaweza kwa sababu walikuwa na wataalamu wa Amani, kituo cha utafiti kilichoanzishwa Usambara mwaka 1902, na walikuwa na karakana za reli zilizojaa mafundi. Shida iliwapa sababu; uwezo walikuwa nao tayari. Hakuna aliyewahi kuviita vitu hivyo viraka. Vimeandikwa vitabuni kama ustadi wa kijeshi. Kipimo hicho hicho kinapaswa kutumika kwa fundi wa Pangani wa mwaka 1980.

Wala mkono na nyundo havikuwa njia ya mzunguko kwenye historia ya gari lenyewe. Magari mengi ya mwanzo duniani yalivalishwa bati kwa mkono, juu ya kiunzi cha mbao, na watu waliotoka kwenye utengenezaji wa magari ya farasi. Bodi ya chuma kitupu iliyobanwa kwa mashine ilianza kuenea pale Edward Budd wa Philadelphia alipoanza kuitengenezea Dodge katika miaka ya Vita vya Kwanza. Uingereza ilipata kiwanda kikubwa cha aina hiyo, Pressed Steel cha Cowley, mwaka 1926. Hata baada ya hapo, magari ya fahari ya Italia na Uingereza yaliendelea kupigwa kwa nyundo juu ya magogo na mifuko ya mchanga kwa miongo kadhaa. Aliyenunua Ferrari ya miaka ya 1950 alinunua mapigo ya nyundo ya fundi wa Italia, akalipia ghali kwa sababu hiyo. Mashine ya kubana ilishinda kwa wingi na kwa bei, haikushinda kwa sababu mkono ulikuwa hauwezi. Kalibu moja ya kubania boneti hugharimu mali nyingi na hujilipa tu ikiwa boneti maelfu zitatoka. Anayehitaji boneti moja, ya gari lililokoma kuundwa zamani, kwake mkono ndio kiwanda chenye akili zaidi.

Kati ya magari yote yaliyoijua barabara ya Mkwaja, hakuna lililoelewana na mkono huo kama Land Rover. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, na nalo lilikuwa mtoto wa uhaba. Uingereza baada ya vita chuma kiligawiwa kwa kibali, lakini aluminiamu ilikuwepo kwa sababu viwanda vya ndege vilikuwa vimepunguza kazi. Wahandisi wa Rover wakalivika gari lao bati la mchanganyiko wa aluminiamu uitwao Birmabright, na kwa kuwa hawakutaka kutumia fedha kwenye kalibu kubwa, wakachora paneli bapa na mikunjo myepesi ya upande mmoja. Chesisi yake waliiunda kwa vipande vya chuma vilivyochomelewa vikawa sanduku. Kwa maneno mengine, lilichorwa ili liweze kujengwa na karakana yenye zana chache, na kwa sababu hiyo karakana yoyote yenye zana chache ingeweza kulijenga tena. Fundi wa Tanga aliyekata ubavu mpya wa Land Rover 109 hakumdanganya mchoraji. Alimwelewa vizuri.

Aluminiamu, hata hivyo, ilikuwa na mtihani wake, na namna mafundi walivyoufaulu inaonyesha ni elimu ya aina gani tunayoizungumzia. Chuma kikipashwa moto hubadilika rangi, kwa hiyo jicho hujua wakati. Aluminiamu haibadiliki, inabaki nyeupe mpaka dakika ile inapoyeyuka na kudondoka. Ili kuilainisha bila kuiharibu, fundi huisugua kwa sabuni ya mche, kisha akaipitishia moto polepole. Sabuni ikigeuka kahawia inayokaribia weusi, joto limetosha na moto unaondolewa. Njia hii inajulikana kwa wapiga bati wa Ulaya pia. Kuna jambo jingine: aluminiamu na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa. Ndiyo sababu Land Rover za pwani huoza kwanza pale paneli zinapokutana na fremu za chuma, na ndiyo sababu fundi mzuri huweka kipande cha mpira au rangi nzito katikati kabla ya kukaza ribiti, na chini ya gari hupaka lami au oili chafu. Hata asiyejua kemia ya jambo hili anajua tabia yake.

Kusini mwa Pangani gari la namna hii halikuwa anasa. Katika miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha ranchi ya Mkwaja ili wafanyakazi wa mashamba wapate nyama. Ilikuwa kazi ngumu, ng'ombe maelfu katika pori la mbung'o, na isingewezekana pasipo magari ya kuzungukia mazizi, kubebea dawa na kufikisha watu. Ranchi ilifungwa mwaka 2000 na ardhi yake ikaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005. Kilimo kikaondoka, watalii wakaja, na gari la juu lenye magurudumu manne yanayovuta likaendelea kuhitajika vile vile. Upande wa barabara za mbali zaidi palikuwa na Peugeot 404, iliyojipatia jina kwenye mashindano ya Safari yaliyoanza 1953. Ilishinda 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Lakini bodi ya Peugeot ilibanwa kwenye kalibu, imejaa mibonyeo ya pande mbili. Kwa fundi, madigadi yake yalikuwa shule ya juu kuliko Land Rover, na aliyeyaweza hakukosa kazi.

Sasa tufike kwenye miaka ambayo hadithi ya kawaida huanzia. Azimio la Arusha la 1967 liliweka biashara ya nje mikononi mwa mashirika ya umma. Bei ya mafuta ilipanda 1973. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, jambo lililoiumiza Tanga kuliko mikoa mingi, maana Mombasa ilikuwa jirani. Kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza akiba ya fedha za kigeni. Mkonge wenyewe, uliokuwa ukiingiza fedha hizo, uliporomoka mwaka hadi mwaka. Mwenye gari aliyehitaji madigadi mapya aliweza kungoja miezi bila kuambiwa yatafika lini. Ni kweli kabisa kwamba katika miaka hiyo gereji bubu zilifurika, na mpinzani wangu ana haki ya kuuliza: si huo ndio ushahidi kwamba shida ndiyo iliyozaa ufundi?

Jibu liko kwenye orodha ya vitu vingine vilivyokosekana wakati ule ule. Balbu zilikosekana. Betri za redio zilikosekana. Beringi, plagi na mikanda ya injini vilikosekana, na kiu ya watu juu ya vitu hivyo ilikuwa kali kuliko kiu ya madigadi, kwa sababu gari hutembea bila madigadi lakini halitembei bila beringi. Mbona hakukuzuka mafundi wa kuunda balbu na beringi vichochoroni? Kama uhaba ungekuwa mwalimu, ungefundisha vyote. Haukufundisha, kwa kuwa vitu hivyo havikuwa na ukoo wa ujuzi mitaani. Bati lilikuwa nao. Mkonge ulipoporomoka, watu wa karakana walipunguzwa kazi, wakaondoka na kilicho mikononi mwao, na mitaa ya Tanga, Muheza na Korogwe ikawapokea. Uhaba uliwakuta wako tayari. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake cha 2021 kuhusu magari Tanzania, anaonyesha vivyo hivyo kwamba maarifa ya gereji za mitaani yalijengwa kwa miongo tangu ukoloni, kijana akisimama kando ya fundi, akipokeza spana mpaka siku anapoachiwa kazi.

Kuna kipimo cha pili, na hiki kwangu ndicho kizito zaidi. Bajeti ya 1984 iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kumiminika, na vipuri vyake vikafuata. Kwa mujibu wa hadithi ya shida, hapo fundi wa bati angepaswa kufunga. Hakufunga. Kazi ilibadilika sura: kunyoosha bodi zilizogongwa, kujenga mabodi ya malori, kutengeneza vizingiti na sakafu ambazo hata duka lililojaa haliziuzi, kwa sababu viwanda huuza mlango na boneti lakini mara chache huuza kona ya sakafu ya gari la miaka arobaini. Ufundi ulioishi baada ya uhaba kwisha hauwezi kuwa ulisimama juu ya uhaba peke yake.

Wako watakaosema kwamba nawapamba mafundi, na kwamba magari mengi yaliyopita mikononi mwao ni aibu: fila imejazwa nene kama plasta, bati jipya limepachikwa juu ya bati lililooza, rangi imefunika yote mpaka masika ya kwanza. Ni kweli, na kwenye chesisi jambo hili ni la hatari, si la sura tu. Chesisi yenye umbo la sanduku huoza kutoka ndani. Kuichomelea kibao juu bila kukata kilichooza ni kuficha ufa kwenye mfupa. Vile vile chuma cha pipa hakifai kila mahali, na pipa lililobeba petroli lisipooshwa vizuri kabla ya kuguswa na moto linaweza kuua. Lakini tazama makosa hayo yanatoka wapi. Fila nene inatokana mara nyingi na mwenye gari anayetaka bei ya siku moja kwa kazi ya wiki moja. Kibao juu ya uozo ni kosa la fundi asiyefunzwa vizuri, na kosa la namna hiyo linathibitisha kwamba kuna kazi iliyo sahihi, inayojulikana, ambayo mwingine ameikiuka. Hatusemi udaktari haupo kwa kuwa wapo matabibu wabaya.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa wapenzi wa magari ya kale, nalo ni la heshima zaidi. Wao husema thamani ya gari la 1958 ni kuwa la 1958. Ukilivika bati la pipa, umelifanya kitu kingine. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ukale ungekuwa ni usafi wa kiwandani tu. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, katika Mkataba wa Torino uliokamilishwa mwaka 2013, linasisitiza kuhifadhi kwanza, na linautazama mwenendo mzima wa maisha ya gari kuwa sehemu ya historia yake. Sehemu mpya zinazowekwa linataka zitambulike. Kwa kipimo hicho, Land Rover ya Pangani yenye ubavu uliokatwa Muheza mwaka 1982 ina ushahidi ambao ile iliyolala banda la Uingereza haina. Nao watengenezaji wenyewe wamerudi kwenye njia hii. Mwaka 2016, mwaka ule ule Defender ya mwisho ya aina ya zamani ilipotoka kiwandani, kampuni ilitangaza mpango wa kufufua Land Rover za kwanza kwa wateja wenye uwezo. Na Oktoba 2024, Arusha ilipokusanya Land Rover kwa mamia kutoka pande zote za nchi, kilichopita barabarani kilikuwa pia maonyesho ya mikono ya mafundi wasiotajwa kwenye jukwaa lolote.

Tukikubali kwamba ufundi huu una ukoo, yapo mambo yanayofuata. La kwanza ni uthibitisho. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa na kuutolea cheti. Wapiga bati wa pwani wanastahili kuwa mstari wa mbele kwenye utaratibu huo, na mitihani yao ipimwe kwa kazi, mbonyeo wa pande mbili na mshono usiokunjika, kuliko kwa maandishi. La pili ni kumbukumbu. Violezo vya boksi hutupwa kazi ikiisha, wakati kila kimoja ni mchoro wa sehemu ambayo kiwanda hakina tena. Kuvinakili kwenye bati jembamba na kuandika jina la gari na mwaka ni kazi ya dakika chache. La tatu ni alama: fundi agonge herufi zake na mwaka upande wa ndani wa kila paneli anayounda, ili mwenye gari ajue kilicho cha kiwandani na kilicho cha Tanga, na ili kazi mbaya ijulikane ni ya nani. Barabara ya lami kutoka Bagamoyo kupita Saadani na Mkwaja hadi Tanga inajengwa, na daraja la Pangani litaondoa foleni ya pantoni. Vipuri vitafika kwa urahisi kuliko wakati wowote uliopita. Anayeamini hadithi ya shida atatarajia nyundo zinyamaze hapo. Mimi natarajia zipate kazi bora zaidi, kwa kuwa mwenye gari atakayekuja kwa fundi siku hizo atakuja kwa kuchagua, na anayechagua hulipia ubora.